Fimbo ya mbali na maradhi ya kukatikiwa na pumzi usingizini

Waswahili husema kuwa usingizi ni nusu ya kifo. Wengi wetu huutamka msemo huo kwa mzaha, hasa tunapomwona mtu aliyelala fofofo asijue kuwa mvua imenyesha na imeanuka. Wapo watu, hata hivyo, ambao kwao msemo huu si mzaha. Hao hukatikiwa na pumzi kila usiku wakiwa wamelala. Kifua huendelea kuhangaika, lakini hewa haipiti. Baada ya sekunde kumi, ishirini, au hata zaidi ya nusu dakika, ubongo huwagutusha, wakahema kwa kishindo, kisha wakazama tena usingizini. Asubuhi hawakumbuki lolote. Anayekumbuka ni mke, mume au mwenzao wa chumba, aliyekesha akiisikiliza mikoromo na kuuogopa ukimya unaoifuata.

Matabibu huyaita maradhi haya apnea ya usingizi. Mgonjwa mnene anapogunduliwa kuwa nayo, agizo mojawapo la kwanza ni kwamba apunguze uzani wa mwili. Ninalotaka kulijadili hapa ni iwapo mgonjwa huyo anaweza kulitimiza agizo hilo kwa msaada wa daktari, muuguzi au mshauri wa lishe aliye mbali naye, kwa njia ya simu na mtandao. Walimu wanaifahamu elimu ya masafa, ambayo kwayo wengi wao wamejiendeleza bila kuacha madarasa yao. Huduma ninayoizungumzia ni ndugu ya elimu hiyo, nami nitaiita tiba ya masafa. Msimamo wangu ni kuwa inawezekana, na kwamba sisi tunaihitaji kuliko hata mataifa tajiri yaliyoianza. Lakini ina masharti yake, na masharti hayo yakipuuzwa tutakuwa tunacheza na simu tu.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Njia ya hewa iliyo nyuma ya ulimi haishikiliwi na mfupa, bali na misuli. Tukiwa macho, misuli hiyo hukaza na hewa hupita bila taabu, tukilala, hulegea. Kwa mtu ambaye njia yake ni pana, kulegea huko hakumdhuru. Kwa mwenye njia nyembamba, kuta za koo hutetemeka, na hapo ndipo mkoromo huzaliwa. Kuta hizo zikikutana kabisa, pumzi hukatika. Wembamba wa njia huweza kuletwa na taya dogo, na mafindofindo yaliyovimba, hasa kwa watoto, au na mafuta yaliyojaa shingoni na ndani ya ulimi wenyewe. Hii ni kusema kwamba si kila mgonjwa ni mnene, wala si kila mnene ni mgonjwa. Lakini miongoni mwa visababishi ambavyo binadamu ana uwezo wa kuvibadilisha, unene ndio mkubwa kuliko vyote.

Madaktari huupima ukali wa maradhi haya kwa kuhesabu ni mara ngapi kwa saa moja pumzi hukatika, au hupungua sana, kwa muda usiopungua sekunde kumi. Kwa mtu mzima, chini ya mara tano huhesabiwa kuwa hali ya kawaida. Kati ya mara tano na 14 ni maradhi hafifu. Kati ya 15 na 29 ni ya wastani. 30 na kuendelea ni makali. Hebu msomaji afanye hesabu. Mtu anayekatikiwa na pumzi mara 30 kwa saa, akilala kwa saa saba, huwa amekabwa mara 210 kwa usiku mmoja. Ni mwalimu gani anayeweza kusimama mbele ya wanafunzi asubuhi akiwa timamu baada ya mkasa kama huo? Ni mwanafunzi gani atakayeielewa hesabu? Na ni abiria gani angekubali kupanda matatu iwapo angejua kuwa dereva ameshinda vita mara 210 usiku huo?

Maradhi haya si mageni. Charles Dickens, katika riwaya yake The Pickwick Papers iliyochapishwa kati ya 1836 na 1837, alimchora kijana mnene aitwaye Joe ambaye husinzia hata akiwa kazini. Mwaka 1956 madaktari wa Marekani walilitumia jina la riwaya hiyo kuyapa jina maradhi ya wagonjwa wanene wasinziao mchana. Mnamo 1965 watafiti wa Ufaransa na wa Ujerumani, kila kundi kivyake, walionyesha kuwa kinachowasumbua watu kama hao ni kukatikiwa na pumzi usiku. Tiba iliyoleta mageuzi ilitoka Sydney, Australia, mwaka 1981, pale daktari Colin Sullivan na wenzake walipotangaza mashine inayosukuma hewa puani ili kuizuia njia isifunge. Hadi leo mashine hiyo ndiyo tegemeo la kwanza la wagonjwa walio na maradhi ya wastani na makali.

Wala wagonjwa si wachache. Mnamo 2019, watafiti waliokusanya takwimu za nchi mbalimbali walikadiria kuwa watu milioni 936 wenye umri wa miaka 30 hadi 69 duniani wana maradhi haya, na kwamba milioni 425 miongoni mwao wanayo kwa kiwango cha wastani au kikali. Wengi hawajijui. Maradhi haya huandamana na shinikizo la juu la damu, magonjwa ya moyo, kiharusi na kisukari. Aidha, tafiti zilizowalinganisha madereva zimeonyesha kuwa mwenye apnea yumo katika hatari ya ajali kuliko mwenzake asiye nayo. Katika nchi ambayo barabara zake humeza watu kila wiki, jambo hili halifai kuachiwa madaktari peke yao.

Lakini nasi tuna desturi zetu zinazoufunika ugonjwa huu. Kukoroma kwetu ni kichekesho. Mwalimu anayesinzia katika chumba cha walimu hudhaniwa kuwa alikesha akinywa; mwanafunzi anayesinzia darasani hudhaniwa kuwa mvivu, akaadhibiwa. Kitambi nacho hadi leo huhesabiwa na wengi kuwa ishara ya neema, na anayekonda huulizwa ana shida gani nyumbani. Wakati huohuo miili yetu inabadilika. Uchunguzi wa kitaifa wa afya nchini Kenya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa thuluthi moja ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi kiasi, na uchunguzi wa mwaka 2022 ukaonyesha kuwa hali imeendelea kupanda. Tusidhani basi kwamba hii ni hadithi ya Wazungu.

Je, kupunguza uzani kunasaidia kweli? Ushahidi upo. Huko Wisconsin, Marekani, watafiti waliwafuata wakazi kwa miaka kadhaa na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Waligundua kuwa aliyeongezeka uzani kwa asilimia kumi, idadi ya mara za kukatikiwa na pumzi ilitarajiwa kupanda kwa takriban asilimia 32; aliyepungua kwa asilimia kumi, ilitarajiwa kushuka kwa asilimia 26. Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya utafiti mwingine wa Marekani uliowahusisha wagonjwa 264 wenye kisukari na apnea. Waliosaidiwa kubadilisha chakula na kufanya mazoezi walipungua wastani wa kilo 10.8 kwa mwaka mmoja, na mara zao za kukatikiwa na pumzi zikashuka kwa kiasi kikubwa kuliko za wenzao waliopewa elimu tu. Wagonjwa hao walipochunguzwa tena baada ya miaka minne, nafuu ilikuwa bado ipo, ingawa walikuwa wamerudisha karibu nusu ya uzani walioupoteza.

Huko Uhispania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalikuwa ya kutia moyo zaidi. Wanaume 89 waliokuwa wakitumia mashine ya hewa waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliendelea na mashine pekee. La pili lilipewa, pamoja na mashine, mafunzo ya wiki nane kuhusu lishe, mazoezi, usingizi mwema, na kuacha tumbaku na pombe. Mwishoni mwa wiki hizo, 18 kati ya 40 wa kundi la pili hawakuihitaji mashine tena. Nao watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walieleza mwaka 2020 ni kwa nini hali huwa hivyo: mtu anapopungua, mafuta yaliyomo ndani ya ulimi hupungua pia, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya njia ya hewa kufunguka.

Tatizo basi halimo katika agizo, bali katika utekelezaji wake. Ni rahisi kwa daktari kumwambia mgonjwa, "Punguza uzani." Maneno mawili hayo huchukua sekunde mbili. Mgonjwa hutoka mlangoni akiwa peke yake na ugali wake, chai yake ya sukari nyingi, mandazi ya saa nne, na mwili ambao kwa kukosa usingizi unazidi kudai chakula. Maana hapa kuna mduara mbaya: unene huharibu usingizi, usingizi ulioharibika huamsha njaa na kuua hamu ya kutembea, njaa na uvivu navyo huongeza unene. Hata mashine ya hewa, pamoja na ubora wake, haikondeshi mtu. Mduara kama huo haukatwi kwa ziara moja ya hospitalini kila baada ya miezi sita. Unahitaji mtu wa kumwandama mgonjwa kwa subira, wiki baada ya wiki.

Na hapo ndipo umbali unapotuumiza. Tuseme yupo mwalimu wa shule ya msingi karibu na Lodwar mwenye maradhi haya. Wataalamu wa usingizi na wa lishe wamekusanyika katika miji mikubwa. Ili aonane na mmoja wao, sharti aombe ruhusa, atafute nauli, alale njiani, na aliache darasa bila mwalimu. Atakwenda mara moja. Labda atakwenda mara mbili. Hatakwenda mara 24. Na bila kuandamwa hivyo, agizo la daktari litabaki kuwa karatasi iliyokunjwa mfukoni.

Je, mwandani huyo anaweza kuwa sauti ya simuni? Wahenga walisema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka, na wanaoipinga tiba ya masafa huuegemea msemo huo. Husema kuwa tiba ni kuonana ana kwa ana, daktari amguse mgonjwa, amtazame machoni. Hoja hiyo si ya kubezwa. Lakini tuipime kwa ushahidi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, wakiongozwa na daktari Lawrence Appel, waliwachukua watu 415 wenye unene wa kupindukia na dalili za hatari ya magonjwa ya moyo, wakawagawa makundi matatu. La kwanza liliachwa lijiongoze lenyewe. La pili lilisaidiwa kwa mbali tu: simu kutoka kwa mshauri, tovuti ya kuandikia uzani na mazoezi, na barua pepe. La tatu lilipata hayo yote, na juu yake mikutano ya ana kwa ana. Madaktari wa kawaida wa washiriki walipelekewa ripoti za maendeleo yao, ili nao wawatie shime. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Baada ya miaka miwili, kundi lililojiongoza lilikuwa limepungua wastani wa kilo 0.8, lililosaidiwa kwa mbali kilo 4.6, na lililokutana ana kwa ana kilo 5.1.

Msomaji na azitazame tarakimu hizo kwa makini. Tofauti kati ya aliyesafiri kwenda mikutanoni na aliyebaki kwake akipokea simu ni nusu kilo. Tofauti kati ya aliyepigiwa simu na aliyeachwa peke yake ni karibu kilo nne. Kwa hivyo kinachomuumiza mgonjwa zaidi ni upweke, kuliko umbali. Ni kweli kuwa washiriki hao hawakuchaguliwa kwa sababu ya apnea, na kilo 4.6 si muujiza. Lakini uzani wa mwenye apnea hupungua kwa njia zilezile, na tumeshaona kuwa kila sehemu ya uzani inayopungua hufungua njia ya hewa.

Isitoshe, maradhi haya yana sifa inayoyafanya yaoane na tiba ya masafa kuliko maradhi mengine mengi: karibu kila kinachohitaji kupimwa hupimika nyumbani. Mizani ni kifaa cha nyumbani. Shinikizo la damu hupimwa kwa mashine ndogo. Usingizi wenyewe, kwa wagonjwa wengi, huweza kuchunguzwa kwa kifaa kidogo kinachofungwa kifuani, kidoleni na puani, mgonjwa akalala kitandani mwake. Mashine nyingi za hewa za siku hizi hupeleka kwa njia ya mtandao habari za muda ambao mgonjwa aliivaa na mara ngapi pumzi ilikatika. Katika utafiti mmoja wa California uliochapishwa mwaka 2018, wagonjwa waliotumiwa ujumbe kulingana na jinsi walivyoitumia mashine waliivaa kwa wastani wa saa 4.4 kwa usiku, ilhali waliohudumiwa kwa njia ya kawaida waliivaa kwa saa 3.8. Daktari aliye mbali anaweza basi kuona mambo matatu kwa pamoja: uzani unashuka, mashine inavaliwa, pumzi inatulia. Na mojawapo likikwama, hujua siku hiyohiyo.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni ya Baltimore na California, na kwamba sisi hatuna simu za bei wala mtandao wa uhakika. Nawakumbusha kuwa tiba ya masafa katika nchi hii ina mizizi mirefu. Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957 na kujulikana kwa madaktari wake warukao kwa ndege, lilikuwa likiwasiliana na hospitali za mashambani kwa redio tangu miaka ya 1960. Muuguzi aliyekuwa peke yake nyikani aliweza kumweleza daktari wa Nairobi hali ya mgonjwa na kuelekezwa la kufanya.

Mfano wa karibu zaidi nao ni mtamu kwa sababu ulifanywa kwa lugha yetu. Katika kliniki tatu za hapa Kenya, wagonjwa 538 wenye virusi vya UKIMWI waliokuwa wakianza dawa waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa na muuguzi arafa moja kila wiki. Arafa hiyo ilikuwa na neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa ajibu katika muda wa siku mbili, "Sawa" au "Shida." Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: miongoni mwa waliotumiwa arafa, asilimia 62 walizitumia dawa zao ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao, na waliofaulu kuvidhibiti virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Hapakuwa na simu ya bei ghali hapo, wala picha, wala programu ya ajabu. Palikuwa na neno moja la kujuliana hali na muuguzi aliye tayari kupiga simu. Mwenye apnea anayeulizwa "Mambo?" kila Jumatatu, na akajua kuwa akijibu "Shida" atapigiwa simu na mtu anayemjua kwa jina, si mgonjwa aliyeachwa peke yake. Msemo wa wahenga basi haujavunjika. Fimbo ya mbali haiui nyoka kwa sababu haimo mkononi mwa mtu. Simu iliyo mkononi mwa mgonjwa, na muuguzi aliye upande wa pili akisikiliza, si fimbo ya mbali.

Sasa nije kwenye masharti. Sharti la kwanza ni kuwa ugonjwa ugunduliwe kwanza kwa vipimo. Si halali kumwambia kila anayekoroma akonde, kisha akaachwa. Yawezekana ana mafindofindo, au taya dogo, au ugonjwa wa moyo. Yapo mambo ambayo simu haiwezi kuyaona, na daktari mwaminifu wa tiba ya masafa ni yule ajuaye wakati wa kumwambia mgonjwa, "Hapa sharti uje."

Sharti la pili ni kuwa kupunguza uzani kusiifukuze mashine kabla ya wakati wake. Mgonjwa aliyepungua kilo tano akajihisi mwepesi anaweza kuitupa mashine kabatini kwa furaha. Huo ni msiba. Mashine humlinda usiku wa leo. Uzani uliopungua humlinda miaka ijayo. Anayeamua kuwa sasa inaweza kuachwa ni kipimo kipya cha usingizi, wala si mizani, wala si mgonjwa mwenyewe.

Sharti la tatu ni kuwa upande wa pili wa simu awepo mtu. Ujumbe unaotumwa na mashine kwa watu elfu moja, ukimwambia kila mmoja anywe maji na atembee, husomwa siku ya kwanza na kufutwa ya pili. Mshauri sharti ajue mgonjwa wake anakula nini. Kumwambia mwalimu wa Kisii au Kitui ale vyakula vya dukani Ulaya ni kumdhihaki. Aambiwe apunguze bonge la ugali na kuongeza sukuma wiki na maharagwe; anywe chai isiyo na sukari au yenye kijiko kimoja; andazi la saa nne liwe tunda; soda iachwe; na safari ya dakika ishirini sokoni iende kwa miguu badala ya bodaboda. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho huweza pia kupunguzwa haba kwa haba.

Sharti la nne ni siri. Uzani wa mtu na usingizi wake ni mambo ya chumbani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzihesabu habari za afya kuwa nyeti, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 imeitambua tiba ya masafa. Sheria ipo basi. Kilichobaki ni kuisimamia, ili habari za mgonjwa zisije zikawafikia wauzaji wa dawa za kukondesha waliojaa mitandaoni, au waajiri wake.

Hapo kwenye dawa pana jambo la kutajwa. Mnamo Desemba 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tirzepatide, dawa inayodungwa mara moja kwa wiki, kwa watu wazima wanene wenye apnea ya wastani au kali. Ilikuwa mara ya kwanza kwa dawa kuidhinishwa kwa maradhi haya. Matokeo ya majaribio yake yalikuwa makubwa: katika jaribio la kwanza, mara za kukatikiwa na pumzi zilipungua kwa 25.3 kwa saa, dhidi ya 5.3 kwa waliopewa dawa bandia. Ni habari njema. Lakini dawa hiyo ni ghali, na anayeiacha aghalabu hurudisha uzani. Tena iliidhinishwa itumiwe pamoja na chakula kilichopunguzwa na mazoezi yaliyoongezwa, yaani inamhitaji yuleyule mwandani wa kila wiki. Dawa haijamwondolea mgonjwa haja ya kuandamwa.

Kenya inaweza kuanzia wapi? Mwezi Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja, wakapewa mikoba yenye mashine ya kupimia shinikizo la damu, kipimo cha sukari na mizani, na simu za kunakilia habari. Mhudumu huyo ni jirani. Hupita nyumba hadi nyumba. Akifundishwa maswali machache tu, atamgundua mgonjwa wa apnea ambaye hospitali haijawahi kumwona: Je, unakoroma kwa sauti? Yupo aliyekuona ukikatikiwa na pumzi? Husinzia mchana hata baada ya kulala usiku kucha? Una shinikizo la damu? Shingo yako ina mzingo wa zaidi ya sentimita 40? Akishagundua, amuunganishe kwa simu na daktari wa kaunti, naye daktari amuunganishe na mtaalamu wa mjini. Mhudumu atakuwa mkono, mtaalamu atakuwa jicho, na mgonjwa hatakuwa ameondoka kijijini kwake ila siku ya kipimo.

Linalohitajika sana ni kwamba gharama ya ufuatiliaji huo ikubalike kuwa gharama ya tiba. Tumezoea bima kulipia kitanda, upasuaji na dawa. Simu ya robo saa ya muuguzi haionekani kuwa kitu. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoanza kazi Oktoba 2024 mahali pa ile bima ya zamani ya NHIF, ingefanya busara kuilipia simu hiyo, kwani ni rahisi kuliko kitanda cha mgonjwa wa kiharusi, na rahisi mno kuliko ajali ya basi.

Walimu na wanafunzi nao wana sehemu yao. Somo la bayolojia lina mfumo wa kupumua. Kuna ubaya gani ugonjwa huu ukatajwa hapo? Somo la hisabati lina asilimia na wastani. Wanafunzi wanaweza kuhesabu sukari iliyomo katika vikombe vya chai vya wiki nzima. Mwalimu anayemwona mwanafunzi akisinzia kila siku na akasimuliwa na wenzake wa bweni kuwa hukoroma, ampeleke kwa daktari kabla ya kumpeleka kwa naibu wa mwalimu mkuu. Na mwanafunzi anayesikia baba yake akikoroma, kisha kukawa kimya, kisha akahema kama aliyeibuka majini, asicheke. Amwambie asubuhi alichokisikia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika maradhi haya mgonjwa hafichi kwa kutaka, bali kwa sababu amelala. Sharti aliye macho amsemee.